Ubani wa Simbilisi

Homa iliponipiga mwaka jana, sikujihurumia mwenyewe. Niliwahurumia simbilisi wangu wawili, mweupe na mweusi. Kwa asiyewajua, ni vinyama vya manyoya, vikubwa kuliko panya, havina mkia, na vikimwona mtu kashika mchicha hupiga mbinja. Daktari wa wanyama kule Tononoka aliniambia kwa simu nisiwakaribie kabisa. Kikohozi changu chaweza kuwaambukiza, na vifua vyao havihimili.

Basi nikajitenga ghorofani, wao wakabaki chini chumbani kwa mamangu. Na mama, akipita karibu na tundu lao, husema, "Wenzio walea watoto, wewe walea panya." Sasa yeye ndiye mlezi! Nilitapatapa kitandani, situlii. Nikisikia mbinja, roho yashuka. Zikinyamaza, naketi kitako napiga ukelele na koo limekauka:

"Mama, wamekula?"

"Wamekula, lala!"

"Umenawa mikono kabla ya kuwashika?"

"Ebo! Nimekulea wewe, nishindwe na hawa?"

Alasiri moja kukawa kimya. Niliita, sikujibiwa. Pua ilikuwa imeziba, sikunusa kitu. Niliona tu moshi ukipanda ngazi. Nikashuka mbio, mdomo nimeuziba kwa upindo wa leso. Chumbani kwa mama madirisha yote yamefungwa, na chini ya tundu kuna chetezo cha makaa, ubani wafuka kama wa kufukizia nguo za bibi harusi.

"Mama! Wataka kuwaua?"

"Nawafukiza, mwanangu, wasipatwe na maradhi yako."

Machozi yalimtoka kwa moshi, tasbihi mkononi. Kwetu nyumba yenye mgonjwa hufukizwa. Ndivyo alivyofanyiwa na mamake, ndivyo alivyonifanyia mie tangu utotoni. Hasira zilinipanda, zikakosa pa kwenda.

Nilibana pumzi, nikalibeba tundu mpaka uani, kisha nikarudi nyuma. Mweupe alijikung'uta, akachangamka. Mweusi alilala kifudifudi, mbavu zaenda mbio. Mama alimpakata, akawa ampepea na kumsomea dua. Mie nimesimama mlangoni nashika fremu, nashindwa kumgusa mnyama wangu mwenyewe. Yarabi, niliona uchungu. Kabla ya adhana ya magharibi, mbavu zilitulia.

Mama hakuniinulia macho. "Ni mie niliyemuua?"

Nilitaka kusema ndiyo. Wallahi nilitaka, neno lilikuwa ulimini. Lakini nilikuwa nimewakoholea usoni siku nzima kabla sijajijua kuwa naumwa, nani angeweza kuapa? Nikamtazama alivyomkumbatia, mtu aliyekuwa hataki hata kuwaangalia.

"La, mama," nikasema. "Ni kifua changu."

Mama akamkunja ndani ya leso yake mpya ya Biashara Street, bado haijatiwa maji, akaniuliza tutamzika wapi, maana ua wetu wote ni saruji.