Karani wa Nguruwe Wachache

Karani wa bwana shamba alichonga penseli kabla ya kila barua, akaipuliza ncha, kisha akatafuta pa kuliweka neno la Kiingereza alilolipenda kuliko yote: “few”, yaani wachache. Nzige walikuwa “few”, ng’ombe wagonjwa “few”, hata siku alizochelewa kazini zilikuwa “few”. Alisema ni neno la kiungwana, halimshtui Mzungu. Asubuhi moja Mama Zamda alifika kutoka Magoma kuomba bwana nyama, yule afisa wa wanyama wa porini, aje na bunduki, maana nguruwe mwitu walikuwa wanamaliza mahindi yake. Karani aliandika, akamsomea kwa Kiswahili: “Nguruwe wachache wameonekana.”

“Mwanangu,” mama akasema taratibu, “kwa nguruwe wachache, bunduki itakuja?”

Karani alikuna sikio kwa penseli.

“Basi twende ukawahesabu mwenyewe,” mama akamwambia.

Karani alikwenda kwa baiskeli. Kesho yake alirudi kwa miguu, kaptula imechanika nyuma, akaandika barua upya akiwa amesimama. Nilichungulia kutoka meza yangu, iliyokuwa jirani na yake ofisini. Nguruwe walikuwa thelathini na mmoja. “Few” lilikuwepo bado, mstari wa mwisho, kwa mahindi yaliyosalia.