Hop! Iliyoangusha Kabati la Mama Mkwe

Kabati la mama mkwe wangu liliporomoka ngazini kwa sababu ya kineno kimoja tu: hop.

Msinicheke bado.

Wakati huo hakuwa mama mkwe. Alikuwa mteja anayehama kutoka ghorofa ya tatu, na mimi mbeba mizigo wa kampuni ya kuhamisha watu. Binti yake ndiye niliyekuwa nampenda kufa na kupona. Jumapili ya wiki ile ndiyo nilikuwa nipelekwe kutambulishwa.

Sasa naingia na kamba begani, naona picha ya mpenzi wangu ukutani!

Nikaamkia haraka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hilo kabati la vioo mliangalie. Lina umri kuwashinda nyote."

Nikajikaza kisabuni, nikashika kabati.

Tulikuwa watatu. Mzee Kamba, kiongozi wetu, ndiye mtoa amri. Mimi. Na Twiga, jitu refu tuliloazima siku hiyo kutoka kundi jingine. Kwa sababu ya huyo mgeni, Mzee Kamba alikuwa anahesabu moja, mbili, tatu. Tukafika ghorofa ya pili salama, tukatua.

"Mbona mnahesabu kama watoto?" Twiga akauliza. "Si mseme hop? Neno la kwetu hilo. Bibi yangu akimwambia mbuzi hop, mbuzi karuka!"

"Wacha uongo," Mzee Kamba akaja juu. "Hop imekuja na mabaharia. Marehemu baba alikuwa mbeba magunia bandarini, kaipata huko. Ukisikia hop unavuta pumzi, ndipo unanyanyua. Hata huyu kijana wangu nimemfundisha hivyo."

"Mbuzi havuti pumzi, mzee!"

"Kwani wewe mbuzi?"

Mara nikasikia ndara juu yetu. Mama anashuka kutuangalia! Basi kimbelembele kikanipanda. Nikataka anione mwanaume wa kazi.

"Jamani, kazi!" nikanguruma. "Hop!"

Twiga, aliyeshika upande wa juu, akanyanyua papo hapo. Mimi na Mzee, huku chini, bado tunavuta pumzi.

Lo! Kabati likatujia kichwa chini. Tukaruka pembeni. Likapita peke yake hadi ghorofa ya kwanza, vioo vikilia ngazi baada ya ngazi.

"Nani kasema hop?" mama akauliza.

Wallahi nilijua nikinyamaza, lawama itamwangukia Twiga, mgeni asiye na wa kumtetea, na Jumapili yangu itapona. Nilimpenda yule binti, jamani.

"Ni mimi, mama. Amri si kazi yangu. Nilitaka sifa tu."

Akanitazama juu mpaka chini. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kampuni za kuhamisha watu zimejaa mji mzima, baba. Ulidhani nimeipata yenu kwa bahati? Picha yako nimeonyeshwa tangu mwezi jana. Nikasema nikuone kabla hujavaa shati la Jumapili."

Nilikosa pa kuweka mikono.

"Na... kabati, mama?"

"La marehemu mama mkwe wangu. Miaka ishirini nalifuta vumbi, nalichukia, naogopa kulitoa." Akafuta machozi ya kicheko. "Haya, okoteni vioo msikatwe. Na Jumapili usichelewe."

Huu ni mwaka wetu wa sita wa ndoa. Hop imetoka wapi, Mzee Kamba na Twiga wanabishana mpaka leo.

Mimi nimeondoka na mafunzo mawili tu. Kabla hujanyanyua kitu na mwenzio, muulize yeye ananyanyua lini. Na kikianguka kwa mkono wako, sema ni wewe, maana huwezi kujua nani alikuwa anasubiri kukusikia.