Mtoto wa Saisi na Farasi wa Ijumaa

Enzi zetu, mbweha alikuwa gunia. Vijana wa leo wakisikia hivyo watauliza ni gunia lipi na lina wafuasi wangapi, lakini ninyi wa rika langu mliokulia kule juu kwenye baridi, penye kondoo na pareto, mnanielewa. Serikali ilikuwa imekwisha kupiga marufuku kuwinda wanyama, na wazungu wazee waliobaki mashambani hawakutaka kuuacha mchezo wao wa kumfukuza mbweha wakiwa juu ya farasi. Basi wakachukua gunia, wakaliloweka kwenye maji ya samaki waliooza, wakalifunga kamba, wakampa mtu aliburute mabondeni. Mbwa walifuata harufu, farasi wakafuata mbwa, na wazee wa watu wakarudi nyumbani wamechafuka matope na furaha. Mtu aliyekuwa akiliburuta lile gunia alikuwa baba yangu.

Baba alikuwa saisi, mtunza farasi wa mzee mmoja tuliyemwita Kapteni. Jumamosi ya uwindaji aliamka kabla ya jogoo, akazunguka na gunia lake ng'ambo ya mto, kisha akarudi kwa njia ya mkato kuwapokea farasi. Alinuka vibaya mno. Mama alimwekea uji nje, juu ya jiwe la kufulia.

"Mbweha hali mezani kwangu," Mama alisema kila Jumamosi, na kila Jumamosi tulicheka upya.

Kwa kuwa Baba alikuwa mabondeni wakati wazungu wanakusanyika, kazi ya kuwashikia farasi ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka kumi. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi, na tukiona ng'ombe ameinua mkia tulikimbia kukanyaga kinyesi kikiwa bado moto, ili nyayo zipate nafuu. Msikunje pua, nanyi mlifanya. Mama alifukua viazi viwili kwenye majivu, akavitia kwenye mifuko ya sweta langu, kimoja kila upande, nipashe mikono. Lakini Baba alikuwa na sheria zake. Saisi hatii mikono mfukoni. Anasimama kushoto kwa farasi, mkono mmoja kwenye hatamu karibu na mdomo, macho chini.

"Shika kichwa, na usiachie mpaka nirudi," aliniambia kila mara, akinifunga kitambaa shingoni.

Kwa hiyo viazi vilipoa mfukoni nikiwa nimesimama. Nilivila baadaye, baridi kabisa, vina nyuzi za sweta.

Shuleni siku za wiki tulicheza uwindaji. Tulipanda mabua ya mahindi, ndio farasi wetu, tukavimbisha pakiti tupu za maziwa ya shule na kuzipasua kwa mguu, hiyo ndiyo ikawa bunduki, ingawa uwindaji wenyewe haukuwa na bunduki hata moja. Binamu yangu Wambui alikuwa Kapteni. Mimi nilikuwa mbweha, kwa sababu baba yangu alikuwa mbweha, na hakuna aliyeona haja ya kulijadili jambo hilo. Nilikimbia nikafukuzwa na darasa zima. Nilikuwa na mbio, hilo nalisema mwenyewe, lakini rohoni nilitaka jambo moja tu: kukaa juu ya farasi halisi, nyuma ya mbwa halisi, hata kama ni kwa dakika tano.

Na siku hiyo ikaja. Ilikuwa likizo ya Desemba, mjukuu wa Kapteni amekuja kutembea, msichana wa umri wangu mwenye farasi mdogo wa kijivu. Yule farasi nilikuwa nikimpiga brashi kila jioni na nilijua mahali anapopenda kukunwa. Asubuhi hiyo msichana alikuwa na mafua, pua nyekundu kama nyanya. Alinitazama, akamtazama farasi, akasema kwa Kiswahili chao kile, "Mimi gonjwa. Wewe panda."

Nilisikia vizuri. Kikuku cha kukanyagia kilikuwa pale, usawa wa kifua changu. Nikasema hapana, nimeambiwa nisiachie.

Wambui alikuwa akipita na mkebe wa maziwa. Aliuweka chini, akasema, "Mimi naweza!" na kabla sijafumba kinywa alikuwa juu, sketi imepanda magotini, amemshika farasi manyoya ya shingoni. Mimi ndiye niliyemkabidhi hatamu. Mbwa wakapiga kelele, baragumu ikalia, wakaondoka wote, nami nikabaki nimesimama na mkebe wa maziwa ya watu.

Aliporudi alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi. Mwaka mzima uliofuata shuleni aliitwa Bibi Farasi. Mimi niliendelea kuwa mbweha.

Nilimngojea Baba nikijua atamchapa Wambui. Badala yake alipoambiwa alicheka mpaka akaketi chini, akipangusa machozi kwa ule mkono unaonuka samaki. Halafu akanigeukia.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimeshika, kama ulivyosema."

Aliacha kucheka. Alichota maji, akaninawisha mikono taratibu kama mtoto mdogo. Nilimwonea wivu Wambui siku ile, na niwe mkweli, sijaacha. Sasa yeye ni nyanya wa wajukuu wawili, tunasalimiana vizuri kwenye kundi la familia, na kila akituma picha nafikiria yale matope.

Hapa Doha mimi ni karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, mtaa wa Al Sadd. Nina umri wa kutosha kuitwa anti na wasichana wote ninaokaa nao mtaa wa Al Mansoura. Kwa misimu mitatu ya baridi nimekuwa nikitafuta watu wanaopanda farasi na kufuata mbwa, ambao watanikubali. Niliuliza kwenye makundi ya Wakenya, wakacheka, mmoja akanitumia video ya mbio za ngamia. Nilipiga simu kwenye zizi moja, wakaniambia masomo ni ya watoto. Kwingine walitaka uje na farasi wako, kana kwamba ningemfunga kwenye korido ya ghorofa ya nne, karibu na viatu vya watu.

Kisha asubuhi moja akaja mgonjwa kutoa jino, mama mmoja wa Kiingereza mwenye nywele za mvi. Aliegemea dawati langu na nikaipata ile harufu, ngozi na nyasi na jasho la farasi. Kwa harufu hiyo huwezi kuidanganya pua iliyolelewa nayo. Nikamuuliza, "Samahani, madam, una farasi?" Shavu lake lilikuwa limevimba lakini alitabasamu. Jina lake Bi Helen. Aliniambia wako kikundi kidogo, Ijumaa asubuhi, kwenye shamba moja nje ya mji, kule Umm Salal. Mbwa ni saluki, wale wembamba wa Kiarabu. Hawaui kitu chochote, alisema, wanafuata gunia.

Nilitaka kulia hapo hapo mbele ya wagonjwa. Akaendelea kuniambia kuwa mpandaji wao mmoja amehama Doha, hivyo kuna farasi mmoja asiye na mtu, mpole. Nije nijaribu. Nikielewana naye, nafasi ni yangu msimu mzima.

Nikafanya kosa la kwenda na Purity. Purity ana miaka ishirini na minne, tunakaa chumba kimoja, anafanya kazi hotelini. Nilimchukua anipige picha. Farasi aliyemjua maishani ni yule wa kwenye kibandiko cha simu yake. Njiani ndani ya teksi alisinzia mdomo wazi, na mimi nimekaa wima, nikijikumbusha kila kitu kuhusu kikuku na goti na kisigino.

Saa nne baadaye tulikuwa kwenye teksi ileile tukirudi. Purity ana mchanga mpaka kwenye nyusi, anacheka peke yake, anajitazama kwenye picha nilizompiga mimi. Nafasi ya msimu mzima ilikuwa yake. Nilitazama nje kwenye kuta za mashamba na mitende ili asione uso wangu. Niliona wivu mchafu, wivu wa kutamani aanguke, nisameheni, na alipokuwa akipita mbele yangu mbio nyuma ya wale mbwa, nywele zake za kununua zikiruka, kweli nilitamani. Hakuanguka. Alikaa kama aliyezaliwa pale.

Nikashindwa kuvumilia. "Vijana wa siku hizi hamna aibu," nikamwambia. "Mtu anakualika kama mgeni, unamnyang'anya farasi wake."

Alishusha simu. "Anti, wacha hizo. Mimi si nilikuja tu kupiga picha? Huyo mathe, Helen wako, alikuambia upande mara tatu. Tatu, wallahi! Wewe ukamwambia, hakuna shida madam, mimi nashika tu. Sasa ungetaka nifanye nini, farasi abaki amesimama? Akaniuliza, nikasema naweza. Khalas."

Ndipo nilipoanza kukumbuka. Bi Helen alimtoa farasi bandani akanipa hatamu, nami bila kufikiri nikazunguka nikasimama kushoto, mkono karibu na mdomo, macho chini. Mpandaji mwingine alipofika akaniona nilivyosimama, akanikabidhi wake. Wa tatu vilevile. Walinishukuru kwa adabu. Mzee mmoja Msudani anayetunza banda alinitazama, akatabasamu kama mtu aliyemwona ndugu, akaniletea chai ya maziwa kwenye gilasi ya karatasi, na nilijisikia vizuri, hilo ndilo linaloniuma. Nilijisikia niko kwetu. Bi Helen aliposema nipande, nilimsikia, na nikasema nashika tu. Kiingereza kilinitoka laini, bila kukwama. Halafu nikamsaidia Purity kuweka mguu wake kwenye kikuku.

"Anti," Purity akasema. "Umekasirika?"

"Nimekumbuka baba yangu."

"Pole, Anti." Akanipa tishu, akidhani ni msiba.

Siku hizi watoto hawajui kusubiri. Hawajui baridi ya kusimama, hawajui kiazi kilichopoa, hawajui hata upande upi wa farasi ni wa mtu na upi si wa mtu. Sisi tulijua kila kitu. Tulizijua tabia za farasi wote wa Kapteni, mwenye kuuma na mwenye kuogopa mwavuli, na tulijua kuvifungua vifungo vya tandiko macho yamefumbwa. Purity hajui chochote, akaambiwa panda akapanda. Nawacheka vijana hawa, tena nitaendelea kuwacheka, lakini niko tayari kubadilishana naye ujuzi wangu wote kwa ule ujinga wake wa Ijumaa.

Jana Bi Helen alikuja kutolewa nyuzi za pale lilipong'olewa jino. Alisema kuna farasi jike wa kijivu aliyekuwa akichechemea, sasa amepona, na Ijumaa hii atatoka. Akaniuliza tena, bila kunitazama sana, kama mtu anayeogopa kumwaibisha mwenzake, je, ningependa kupanda au kusaidia kama juzi.

Baba hayupo tena wa kuniuliza nilikuwa wapi. Nafikiri siku ile alikuwa akitafuta namna ya kuniambia niachie, akakosa maneno, akaninawisha mikono. Nilimjibu Bi Helen kwamba nitapanda. Nilisema kwa sauti ya juu hata mgonjwa aliyefuata kwenye foleni akanitazama.

Ijumaa alfajiri, kabla ya teksi, nitaoka viazi viwili jikoni kwetu Al Mansoura. Purity atanicheka kwamba Doha haina baridi ya hivyo, acha acheke. Nitavitia kwenye mifuko ya koti, kimoja kila upande, na kule Umm Salal mtu akininyooshea hatamu ya farasi wake, ataikuta mikono yangu humo ndani, imeshika viazi vikiwa bado moto.