CD za Mama zinafukuza ndege kwenye mpunga

Mkicheka, chekeni taratibu. Mimi ndiye mtu wa kisasa kwenye ukoo huu.

Mwezi uliopita nilimletea Mama TV mpya hapa Nassa, nikamlipia na filamu za mtandaoni. Deki yake nikampa jirani. CD zote nikazitundika kwenye mpunga zitishe ndege, maana zinamulika juani vizuri sana.

Nani anatunza CD zama hizi?

Leo shangazi kaja kutoka Lamadi. Anataka kuona video ya harusi yangu, amwone marehemu kaka yake akinipa nasaha.

"Shangazi, siku hizi kila kitu kipo mtandaoni," nikamwambia, rimoti mkononi.

Nikatafuta. TV ikaniletea harusi ya Wakorea.

Mama akaelekeza kidevu shambani.

Basi mtu wa kisasa nikavua viatu, nikaingia kwenye tope, nikawa nafungua kamba moja moja. Nikaipata CD ya harusi. Nikaiosha kwa sabuni. Nikaenda kwa jirani kuazima deki niliyompa kwa madaha.

Ikawaka. Baba huyo, kashika maiki, suti ya kuazima:

"Mwanangu, nakuusia jambo moja tu..."

Ikaganda.

Tumejaribu mara saba, inaganda palepale. Na siku ile nilikuwa nalia, sikusikia hata neno.

Nikamgeukia Mama. "Baba alisema nini?"

Mama akanikabidhi rimoti ya TV mpya.

"Muulize huyo wa mtandaoni."