Doa Jeusi Chini ya Gego

Keti nami, msikilizaji wangu, nikueleze jambo ambalo vijana wa leo hawasumbuki nalo. Siku hizi ukipigwa eksrei ya jino, picha huonekana kwenye kioo cha kompyuta kabla hujafumba mdomo. Miaka ile ya vita vya shifta, nilipokuwa mpiga eksrei pale Garissa, picha ilisafishwa kwa dawa, gizani, na maji ya mto Tana yalikuwa na joto la kuyeyusha utando wa filamu. Ilitubidi tuyapoze kwanza ndani ya kiriba kilichotundikwa penye upepo.

Asubuhi moja sajini alimleta mfugaji wa ngamia, mkewe akifuata nyuma. Mtu yule alikuwa na tundu chini ya taya, linatoa usaha. Sajini alisema ni jeraha la risasi, kwa hiyo ni shifta, mwasi anayepigana na serikali. Mwenyewe alisema ni jino. Picha ndiyo ingeamua kama atarudi nyumbani au atapanda lori la jeshi.

Zamani hizo mgonjwa alijishikia filamu mdomoni kwa kidole gumba.

"Nimetoka Bura nije kunyonya kidole mbele ya mke wangu," alisema. Mkewe akacheka, na sajini naye akatabasamu.

Picha ilitoka safi. Kwenye ncha ya mzizi wa gego palikuwa na doa jeusi la mviringo.

"Risasi hiyo hapo," sajini akasema.

"Hapana, afande. Kwenye eksrei cheusi ni uwazi. Usaha umekula mfupa. Chuma hutoka cheupe."

"Risasi nyeupe? Mimi nazibeba kila siku, daktari."

Nikamwomba moja. Akaitoa huku akicheka. Nikailaza juu ya filamu nyingine, nikapiga, nikaingia chumba cha giza. Kazi ile haina njia ya mkato. Nilipotoka, filamu ikidondosha maji, risasi ilionekana nyeupe kama maziwa.

Kwenye benchi alikuwapo yule mke wake peke yake.

"Lori lilipiga honi," akasema. "Wamekwenda naye."

Niliinua picha zote mbili kwenye mwanga wa dirisha, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Alielewa mara moja.

"Basi hiki cheupe ndicho wanachotafuta, na kwake hakimo."

"Hakimo, dada."

"Nipe zote."

Alizifunga katika pindo la shuka zikiwa bado mbichi, akaenda kambini kwa miguu. Baada ya siku kadhaa alirudi. Langoni walimwambia mumewe amehamishwa, wasimwambie wapi. Hakuna aliyezitazama picha. Zilikuwa zimegandana na kitambaa, na alipozibandua, utando wenye picha ulibaki kwenye shuka.

Tangu hapo nimewafundisha wengi kusoma picha za meno. Si kazi ngumu, hata wewe unaiweza. Siku ukipigwa yako, usitoke na maneno matupu: mwombe daktari akugeuzie kioo, akuonyeshe cheusi kwa kidole, akuambie ni nini.