Mchezo Bila Mwenye Fimbo

Mwanangu, uliponiambia kwamba wewe na wenzako mmeitwa kuchekesha kwenye sikukuu ya wakubwa, nilikuambia usubiri kwanza. Nilikuwa naikumbuka siku moja ya kiangazi, miaka ya hamsini, nami nataka uijue kabla hujaenda.

Wakati huo nilipiga gita katika kikundi cha Papa Kashindi wa Uvira, mji wa kando ya ziwa. Alikuwa amepitia mengi. Alianza katika kwaya ya misheni, akapiga likembe, kile kinanda cha vidole gumba, kwenye harusi, akatunga nyimbo ambazo wavuvi waliziimba wakivuta nyavu hadi Kavimvira. Kisha akagundua kwamba watu husikiliza vizuri zaidi wakishacheka, na tangu hapo kila wimbo wake ulikuwa na mchezo ndani yake. Tulizunguka bonde la Ruzizi kwa karatasi ya ruhusa kutoka ofisi ya teritwari, yaani serikali ya wakoloni. Bila karatasi ile hatukuweza kulala hata kijiji cha pili.

Huko Bwegera alitujia mkulima mmoja jina lake Sebastiani. Alikuwa amepanda mpunga mahali alipoamriwa kupanda pamba, na kwa kosa hilo alilazwa chini sokoni akapigwa fimbo mbele ya watu. Alipokuwa akipigwa alimwita mama yake kwa sauti nyembamba kama ya mtoto. Sauti hiyo haikumwacha. Walevi waliiiga njiani, watoto wakaiiga kisimani, hata shemeji zake. Mwishowe hakwenda tena sokoni. Mke wake ndiye aliyeuza na kununua.

"Papa," alimwambia Kashindi, "bote banalia sauti yangu. Afazali nilie mwenyewe."

Kashindi alimuuliza, "Utaweza kulala chini tena, pale pale?"

"Nitaweza, kama weye njo utakuwa mwenye fimbo."

Basi Kashindi akautunga mchezo. Yeye alivaa kofia ya katoni na kushika bua la mtama. Alipiga, akasahau hesabu, akaanza upya, akachoka, suruali ikamshuka, na mwishoni akamwomba mpigwaji amsaidie kuhesabu. Sebastiani alilia kwa sauti ile ile, lakini kati ya kilio na kilio alimsahihisha hesabu kama mwalimu. Pale Bwegera watu walicheka hadi wakashikana mabega. Wengi wao walikuwa wamewahi kulala chini vile vile. Mzee mmoja alimfuata Sebastiani akamwambia, "Yangu ilikuwa mbaya kupita yako, murume. Minye nilijikojolea." Jumapili iliyofuata Sebastiani alikwenda sokoni mwenyewe, na mke wake akabaki nyumbani akipumzika. Hilo ndilo tulilokuwa tumempa, na hakuwa na jingine.

Habari zilifika kwa mzungu aliyesimamia pamba. Alikuwa na wageni, akatuita, pamoja na Sebastiani, kwenye nyumba yake alasiri moja. Tulipofika uani, karani wake alitoka barazani, mtu mweusi kama sisi, amenyoosha suruali vizuri.

"Mchezo ni muzuri," alisema, "lakini mutoe ule wa kofia. Abaki mwenye kulia tu. Bwana anataka kusikia ile sauti."

"Bila ule wa kofia hakuna mchezo," Kashindi alijibu.

"Papa, karatasi yenu iko mu ofisi yetu. Usijifanye hauelewe."

Nilimvuta Kashindi kando. Nilikuwa kijana, nilikuwa na njaa, na nilimwambia kwamba walichotaka kuondoa ni kitu kidogo tu: kofia ya katoni. Yeye alikuwa anamtazama Sebastiani, ambaye hakusubiri tushauriane. Alikuwa na shamba chini ya mkono wa bwana yule. Alikwenda katikati ya ua, akalala kifudifudi, akaanza kumwita mama yake.

Wageni walicheka. Mmoja alipiga makofi na kuomba arudie. Sebastiani akarudia. Nilimsikia vizuri, mwanangu, na hakuwa anaigiza tena. Hapakuwa na mtu wa kumsahihisha hesabu. Ilibaki sauti ile tu, kama siku ya kwanza.

Kashindi akaivua kofia, akaiweka chini. Akaenda taratibu hadi pale, akalala kifudifudi kando ya Sebastiani, bega kwa bega. Hakulia wala hakufanya lolote la kuchekesha, yeye ambaye hata kupiga chafya kwake kulichekesha pwani nzima ya ziwa. Sebastiani alinyamaza. Wageni walicheka kidogo, wakingoja kitakachofuata. Hakikufuata kitu. Kicheko kikaisha, na wale wawili wakaendelea kulala pale kwenye jua, hadi bwana wa pamba alipoinuka kutoka kwenye kiti chake.

Karatasi ya ruhusa ikachanwa. Sebastiani aliachwa arudi kwenye shamba lake. Kashindi alipelekwa gerezani Uvira, na huko alipigwa fimbo ya kweli.

Alipotoka nilimkuta amelala ubavu, hawezi kukaa. Nilimuuliza kama alilia.

"Nililia sana, kupita Sebastiani." Akajaribu kucheka, akakohoa. "Sasa najua vile muntu analia. Zamani nilikuwa mwenye kofia tu."

"Papa, kofia ya katoni haikustahili haya."

Hapo alinikasirikia, kwa sauti ndogo. "Weye ulikuwa na gita mu mikono, ukaona muntu analia peke yake, ukafikiri kofia. Bwegera tulicheka fimbo. Kule balitaka tucheke mugongo. Usipoona tofauti, uza ile gita."

Hakuchekesha tena. Alibeba magunia bandarini, akatunga nyimbo chache zilizoimbwa na wengine, na alikufa kabla ya uhuru. Sebastiani hakurudi kulala chini mbele ya mtu yeyote.

Basi, mwanangu, nenda kwenye sikukuu yao. Lakini kabla hujaanza, angalia ni nani wamemwondoa kwenye mchezo. Kama ni mwenye nguvu aliyeondolewa, na amebaki mnyonge peke yake, rudi nyumbani na njaa yako. Na kama mwenzako ameshalala chini kwa hofu, usimwimbie wala usimcheke. Nenda ukalale kando yake.

Mungu akupe watu wa kucheka pamoja nawe. Na siku utakapolazwa chini wewe, akupe bega la mtu kando ya bega lako.