Harufu ya Tangi Haifiki Kanisani

Saa moja asubuhi, ukungu wa Mlima Meru bado umeifunika mikahawa, na Anyesi amesimama ndani ya tangi, maji yakimfika magotini. Anaisukuma kahawa kwa ubao mrefu, mbele na nyuma, ili ute utoke kwenye punje. Kahawa imelala humo tangu juzi na imechacha. Harufu yake ni kali, kama ya pombe iliyoharibika.

Anageuza uso, anatema mate, anaendelea kusukuma.

"Tangi limempenda huyo," anasema Penina, mwenzake wa upande wa pili. "Hata mumewe hakumshika hivyo." Wanawake wengine wanacheka.

Katika shamba hili la Mzungu, si mbali na Usa River, wanawake hutapika kila msimu wa mavuno. Wenyewe huuita ugonjwa wa tangi, na dawa yake ni kutafuna tangawizi na kurudi kazini. Anyesi yuko katika msimu wake wa tatu. Hilo si jina lake. Ameomba aitwe hivyo, na wenzake wapewe majina mengine, na shamba lisitajwe.

Msimu wa kwanza alitapika kama wengine. Alichoka, akadhani ni kazi. Siku zake hazikuja, akadhani ni njaa, maana wengi katika kambi ya wafanyakazi hukosa siku zao chakula kikipungua. Akaendelea kubeba madebe ya kahawa mbivu kutoka shambani hadi mashineni. Damu ilimtoka njiani, debe likiwa kichwani, na mama mmoja wa kambini ndiye aliyemweleza kilichotoka.

Msimu wa pili mambo yakawa yaleyale.

"Watu huuliza kwa nini sikujifunza," anasema taratibu. "Lakini tulikuwa tunatapika wote. Ningejuaje kwamba kutapika kwangu ni kwa namna nyingine?"

Mwaka huu alijua Jumapili. Walikuwa wamemaliza wimbo wa kwanza kanisani alipotoka mbio kwenda kutapika nyuma ya ukuta. Aliporudi kukaa hakuyasikia mahubiri. Tangi halikuwa karibu, na tangu Ijumaa hakuwa ameligusa.

Akaanza kujichunguza. Matiti yalikuwa yamejaa na kumuuma akilalia tumbo. Alikuwa akienda haja ndogo kila mara. Chai ya maziwa, ambayo zamani angeifuata popote, ilimchefua, na udongo uliolowa mvua ulimtia hamu ya kuulamba. Mwezi uliopita hakuwa ameona siku zake, na huu pia ulikuwa unaisha.

"Nilifurahi mpaka mlangoni kwangu," anasema. "Nilipokiona chumba, nikakumbuka."

Hapa mwanamke akijulikana ana mimba huondolewa kazini, na asiye na kazi hana chumba kambini. Mumewe, Ephraimu, alikwenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga miezi miwili iliyopita na hajaleta habari. Wazazi wa Anyesi walihamishwa kutoka Engare Nanyuki, ardhi yao ikachukuliwa. Sasa wanaishi kwa shemeji yao Nduruma, katika chumba ambacho watoto wa mwenye nyumba hulala pia.

Wakati wa uji, Anyesi anamfuata nyapara, Mzee Philemoni, aliyeketi kwenye gogo karibu na mashine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mbona huli?"

"Naomba kukaa mezani, kuchagua kahawa kavu. Hata kwa mshahara mdogo."

Mzee anamtazama usoni, kisha anatazama mikono yake, iliyoshika kanga mbele ya tumbo. Anaweka kikombe chini.

"Mezani wanakaa vikongwe na walioumia. Nikikuweka wewe, Bwana ataniuliza una nini. Nitamjibu nini?"

"Mzee, mimi nina..."

"Usiniambie. Ukiniambia, itanibidi niseme. Usiponiambia, una chumba." Anasimama. "Nenda, tangi linasubiri."

Anyesi anarudi. Penina, ambaye hakuhitaji kuambiwa, amekwisha kuyasogeza upande wake madebe yote mawili ya mchana, lake na la Anyesi.

"Huwezi kubeba yote," Anyesi anamwambia.

"Leo naweza. Kesho tutaona."

Mpango wa Anyesi ni kuvumilia hadi mavuno yaishe. Matangi yakikauka, kazi itakuwa ya jembe, na jembe, anasema, mtu anaweza kulipumzisha. Lakini mikahawa ya chini bado ni myekundu, na ya juu ndiyo kwanza inaanza kuiva.

Anapandisha kanga, anaingia majini, anaokota ubao.

"Wale wawili niliwajua walipokuwa wameshaondoka," anasema. "Huyu nimemjua bado yupo. Naomba akae. Asipokaa, basi angalau mama yake alimjua."